Istilahi za Fasihi na Utamu wa Kusoma

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia istilahi za benki, mahakama, ukulima na uhandisi, maana hizo ndizo zinazoulizwa zaidi na ofisi na wafasiri. Mara hii tunakusudia kuzitazama istilahi tunazozitumia tunapokijadili kitabu cha hadithi: fani, maudhui, dhamira, ujumbe, muundo, mtindo, wahusika, mandhari. Nyingi kati ya hizo zilienezwa na walimu na wanazuoni katika miaka ya 1970 na 1980. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walipotoa Fasihi na Sanaa za Maonyesho mwaka 1976, na F.E.M.K. Senkoro alipotoa Fasihi mwaka 1982, mwalimu wa sekondari alipata msamiati wa kusomeshea somo ambalo kabla ya hapo lilikuwa likielezwa kwa kubabaisha. Hatuandiki ili kuibeza kazi ile. Tunalouliza ni hili: je, istilahi hizi, kwa jinsi tunavyozitumia leo, zinamwezesha msomaji kuuona ufundi wa mwandishi na kuufurahia, au zinampitisha kando yake?

Tuanze na neno lenyewe, uhakiki. Katika maisha ya kila siku kuhakiki ni kuthibitisha. Mtu huhakiki mizigo bandarini, huhakiki orodha ya wapiga kura, huhakiki hesabu za mwisho wa mwaka. Watumishi wa umma wanalikumbuka vema neno hili tangu uhakiki wa vyeti ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017. Mhakiki wa vyeti huja na orodha yake mkononi. Kilichomo orodhani hukitia alama, kisichokuwamo hukitilia shaka, kisha akafunga jalada. Ni kazi ya lazima. Lakini neno ni kama chungu kilichopikiwa samaki, harufu haitoki kwa kuoshwa mara moja. Mwanafunzi aliyelisikia neno hilo ofisini kabla ya kulisikia darasani, akiambiwa aihakiki riwaya, atafanya nini zaidi ya kutafuta orodha?

Na orodha ipo. Inauzwa madukani na kandokando ya barabara katika vijitabu vya tahakiki, ambavyo kwa wanafunzi wengi vimekwisha kuchukua nafasi ya riwaya zenyewe. Humo kila kazi imegawanywa mafungu mawili, fani upande huu na maudhui upande ule, na kila fungu lina vipengele vyake vilivyopangwa kwa utaratibu usiobadilika. Chini ya mtindo utakuta, kwa riwaya karibu zote, kwamba mwandishi ametumia nafsi zote tatu. Tunaomba msomaji alitafakari jambo hilo kidogo. Ni mwandishi gani katika ulimwengu huu aliyeandika riwaya yenye mazungumzo ya watu asitumie mimi, wewe na yeye? Ni sawa na kumsifu mpishi kwa kuwa ametumia moto.

Wahakiki wa miaka ya 1980, Senkoro miongoni mwao, waliiona hatari ya kuigawa kazi. Waliukataa mfano wa kikombe na chai, ambamo fani ni chombo tu na maudhui ndiyo kinywaji, wakasema fani na maudhui ni sura mbili za sarafu moja. Nia yao ilikuwa njema. Hata hivyo sarafu nayo ina upande unaotazamwa na upande unaolala chini, na katika mitihani yetu upande unaolala chini ni uleule siku zote. Kwa maudhui tuna maneno mengi yenye uzito: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, migogoro, mtazamo. Kwa fani tuna majina ya vitu vya kuhesabu. Mwanafunzi anaweza kubishana juu ya msimamo wa mwandishi saa nzima. Lakini akishasema tashibiha ziko tatu na methali ziko tano, hana la kuongeza.

Mathalani tuichukue Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, kitabu kilichopata kuzuiwa shuleni na ambacho wasomaji hawakuacha kukitafuta. Orodha inasema hivi: dhamira kuu ni malezi, Zakaria, mzazi mkali na mlevi, ndiye chanzo cha kuharibika kwa binti yake, mandhari ni Ukerewe, Mwanza na Morogoro, mtindo ni wa masimulizi na mazungumzo, na barua imetumika. Hakuna uongo hapo. Lakini mtu ambaye hajakifungua kitabu anaweza kuyaandika yote hayo akafaulu, na wako wengi waliofaulu hivyo, ambao leo wanafundisha, wanafasiri, wanaandika barua za serikali.

Hebu tuitazame hiyo barua. Katika orodha inahesabiwa pamoja na nyimbo na misemo, kama pambo lililobandikwa. Ndani ya kitabu, barua ya Charles ndiyo inayomletea Rosa kipigo cha baba yake, na kipigo hicho ndicho kinachompandikizia woga wa wanaume. Woga huo unamlinda kwa muda. Ukisha kuvunjika, naye yuko mbali na nyumbani, hakuna kingine alichofundishwa cha kumlinda. Karatasi moja imebeba mzigo wa kitabu kizima. Msomaji halioni jambo hilo pale anapoisoma barua. Huliona baadaye, pengine akiwa amekwisha kuvuka nusu ya kitabu, na hapo husema moyoni, kumbe! Furaha ya kusoma riwaya, kwa sehemu kubwa, iko katika hiyo kumbe. Je, tuna istilahi gani ya jambo linalowekwa mapema ili lije kuzaa baadaye? Vitabu vya marejeo vinataja kiangaza, vinataja kidokezo, vingine vinataja utabiri, lakini darasani hayasikiki, kwa sababu hayahesabiki kama tashibiha zinavyohesabika.

Linganisha hali hii na ya ushairi. Mshairi wa Kiswahili hakungoja kamati imtungie maneno. Mshororo wa vipande viwili una ukwapi na utao. Ubeti wa mishororo minne una mwanzo, mloto, mleo na kituo. Shairi lililopungukiwa huitwa guni, na neno hilo si maelezo tu, ni hukumu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipoandika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichotoka mwaka 1954 pamoja na diwani yake, kwa kiasi kikubwa alikuwa akiyapanga mambo ambayo watunzi walikwisha kuyaafikiana vinywani mwao. Msamiati huo ulitoka kwa watendaji. Ulikusudiwa kumsaidia mtu atunge vizuri na kumsaidia msikilizaji aseme kwa nini amependezwa au amechukizwa.

Matunda yake yalionekana katika mzozo maarufu wa miaka ya 1970. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani yenye mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, wapo waliosema kwamba hayo si mashairi kabisa. Wengine wakayatetea; M.M. Mulokozi na K.K. Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979. Wengi wanaukumbuka mzozo ule kama bahati mbaya, kwamba wakubwa waligombana juu ya silabi. Sisi tunauona kama dalili ya afya. Watu hawagombani kwa ukali ule juu ya kitu wasichokipenda, wala hawawezi kugombana kwa ufasaha ule pasipo maneno ya kugombania. Neno kunga katika jina la kitabu hicho, nalo lilichaguliwa vema: kunga ni siri za ufundi ambazo mjuzi humfunulia mwanagenzi. Hatujapata kuona mzozo wa namna hiyo juu ya usimulizi wa riwaya, na hatudhani kwamba ni kwa sababu sote tumeridhika.

Yamkini mtu atasema kwamba ushairi wetu una karne nyingi nyuma yake, ilhali riwaya ni mgeni wa juzi. Ni kweli. Lakini ufundi wa kupanga na kuunganisha si mgeni katika nchi yetu, na wenye ufundi huo wana lugha yao. Hapa ndipo tunapotaka kulitetea neno msuko.

Kwa mpangilio wa matukio katika hadithi waandishi wetu wametumia muundo, msuko, mtiririko na ploti. Ploti limestawi zaidi Kenya, na Mtanzania akilisikia hukumbuka kiwanja chenye bikoni nne. Muundo ni neno zuri lakini limechoka, maana linafanya kazi katika sarufi, katika utumishi na katika ujenzi. Tena shuleni limekwisha kugeuzwa majina matatu au manne ya kukariri, msago, rejea, rukia, kana kwamba ukishajua hadithi imekwenda mbele au imerudi nyuma umeijua. Msuko una kitu cha kumfundisha msomaji. Anayesuka mkeka hasuki mkeka. Husuka ukili, utepe mrefu mwembamba wa miyaa, kisha huushona ukili kwa ukili hadi upana utimie. Mwaa mmoja ukikaribia kwisha huingiza mwingine, na ustadi wake hupimwa kwa pale palipoungwa: pasionekane, wala pasiachie mtu akikalia. Miyaa iliyotiwa rangi hupotea chini ya mingine na kuibuka tena mahali ambapo msukaji alikwisha kupahesabu tangu mwanzo.

Mwalimu akiwaeleza wanafunzi wake hayo, na wengi wao wamemwona bibi akisuka, maswali yanajileta yenyewe. Katika Rosa Mistika uko ukili wa nyumba ya Zakaria kule Ukerewe, na uko ukili wa maisha ya Rosa katika shule na chuo. Umeshonwa wapi na wapi? Barua ya Charles ni mwaa wa rangi gani, na unaibuka tena wapi? Pameungwa vizuri, au kuna mahali uzi unaonekana? Swali hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote, kwa kuwa linampa kijana ruhusa ya kuona kasoro katika kazi ya bingwa. Kwa orodha ya vipengele hakuna mwandishi anayeshindwa. Kila mmoja ana wahusika, kila mmoja ana mandhari, wote wanapata alama zote.

Tuna upungufu mwingine mkubwa zaidi, nao ni neno la kutajia namna sauti ya msimulizi inavyolikabili jambo linalosimuliwa. Kezilahabi katika riwaya hiyo ana sentensi fupi, kavu, zinazosimulia balaa kwa uso usiocheka wala kulia. Baada ya kifo cha Rosa hadithi haikomi kaburini, inavuka hadi kwenye hukumu ya ahera. Je, hapo mwandishi anatania au anasema kweli? Anamkejeli nani, mzazi, jamii, au msomaji anayengoja mafunzo mwishoni? Tukiuliza hivyo darasani tunajibiwa kwamba ametumia kejeli. Lakini kejeli ni kumcheka mtu waziwazi, naye ajue kwamba anachekwa. Wenzetu wa Kenya hutumia kinaya kwa hali ambamo linalosemwa au kutarajiwa linakwenda kinyume na lililopo, na tunashauri neno hilo lipokewe huku pia, kwani kejeli haliwezi kulibeba.

Kwa sauti yenyewe baadhi ya wataalamu wameandika toni. Hatulipingi kwa kuwa limetoka nje, maana nusu ya meza zetu za kazi imetoka nje. Tunalipinga kwa kuwa halimwambii msomaji kitu. Mahadhi tunalo. Kila mtu wa pwani anajua kwamba utenzi mmoja ukisomwa kwa mahadhi mawili huwa tenzi mbili, na kwamba msomaji asiyejua mahadhi huiua kazi isiyo yake. Mhakiki akisema mahadhi ya msimulizi hapa ni ya matanga lakini maneno ni ya harusi, amesema jambo ambalo baraza zima litalielewa, na wanafunzi watarudi ukurasani kulisikiliza.

Wafasiri watakuwa wanajiuliza haya yanawahusu vipi. Yanawahusu sana. Mwalimu Julius Nyerere alipofasiri tamthilia ya Shakespeare akaiita Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969, alichagua neno moja lililobeba mambo mawili. Bepari kwa asili yake ya Kihindi ni mfanyabiashara, na kwa maana hiyo tafsiri haina kosa. Lakini miaka miwili baada ya Azimio la Arusha bepari alikuwa mtu mwingine kabisa, na msomaji wa Kitanzania aliingia katika ukumbi wa hukumu kule Venisi akiwa na rai yake tayari. Sasa tuambiwe, neno hilo moja katika jalada ni fani au ni maudhui? Ni matumizi ya lugha, ni dhamira, au ni msimamo? Ni yote kwa pamoja, na raha ya kulitafakari inatokana na huko kutogawanyika. Mfasiri aliyefunzwa kuchomoa maudhui kwanza kisha kuyatafutia fani hawezi kulifikia neno kama hilo hata akikesha.

Kabla hatujaondoka kwenye maneno yanayotenganisha, kuna jozi moja inayotukera zaidi ya zote. Wahakiki wamezigawa riwaya zetu kuwa riwaya dhati na riwaya pendwa. Pendwa ni zile za upelelezi, mapenzi na mikasa. Dhati ni zile zenye mawazo mazito. Tazama kilichofanywa na istilahi hizi mbili. Ukweli umepewa kabati moja, mapenzi ya wasomaji yamepewa kabati la pili. Kijana anayejua Kiswahili, asiyejua lolote juu ya mjadala wa wanazuoni, akisikia kwamba riwaya hii si pendwa, ataelewa nini isipokuwa kwamba haipendwi? Na akielewa hivyo, kosa ni la nani?

Mgawanyo wenyewe hausimami ukijaribiwa. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, ni ya upelelezi, inapendwa. Lakini Kiswahili chake cha Unguja ni cha kiwango ambacho waandishi wengi wa riwaya dhati hawakukifikia, na jinsi Bwana Msa anavyoyafunga na kuyafungua mafundo ya kisa ni mfano mzuri wa msuko wa kuwafundishia vijana. Kwa upande wa pili, wako wanaoisoma Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976, kwa kukesha, ingawa imo katika kabati la dhati. Tunaona inatosha kuziita riwaya kwa aina zake, ya upelelezi, ya kihistoria, ya kijamii, ya mapenzi, kama wauza vitabu wanavyofanya, kisha kila moja ipimwe kwa ufundi wake.

Kuna pingamizi tunalolitarajia, na si la kupuuzwa. Litasema kwamba fasihi yetu ilipewa kazi ya kujenga jamii, na kwamba kuzungumzia utamu ni kuirudisha kwenye starehe ya watu wachache walioshiba. Tunajibu kwa kumtaja Shaaban Robert. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, utawala wa Mwingereza ukingali umekaa. Angetaka kufikisha ujumbe tu, angeandika barua ya malalamiko, ikasomwa na karani mmoja. Badala yake aliijenga nchi angani, akamsimamisha Karama mbele ya mashitaka ya Majivuno, akawaacha wajumbe wasimuliwe mmoja baada ya mmoja. Mtu huendelea kusoma ili ajue mjumbe wa pili alikutana na nini, na katika kuendelea huko ndimo alimoambiwa alilotakiwa aambiwe. Utamu haukuwa sukari iliyonyunyizwa juu ya dawa. Ulikuwa ndiyo njia, wala hatujui njia nyingine ambayo kitabu kile kingepita.

Kuhusu neno uhakiki hatupendekezi lolote. Limekwisha kuenea katika vyuo, katika silabasi na katika majina ya vitabu, na istilahi iliyokwisha kuota mizizi haing'olewi kwa waraka. Dhamira ni tatizo la aina nyingine: Tanzania humaanisha wazo kuu linalozungumzwa, Kenya aghalabu humaanisha kusudi la mwandishi, na katika lugha ya kawaida ni nia ya mtu yeyote. Hilo linahitaji kikao cha pande zote mbili, na tutalirudia katika toleo jingine. Lakini msuko, mahadhi, kinaya, kunga, na umbuji kwa ubora wa lugha iliyonyooka ikapendeza, hayo hayahitaji kikao. Yamo tayari katika kamusi au vinywani, na mwalimu anaweza kuanza kuyatumia kesho asubuhi. Anaweza pia kubadilisha swali moja katika zoezi lake. Badala ya kutaka dhamira tatu kutoka kila kitabu, achague ukurasa mmoja, awaulize wanafunzi ni jambo gani humo ambalo lingeondolewa hadithi ingeharibika baadaye, nao waonyeshe mahali itakapoharibikia. Swali hilo halina jibu katika vijitabu vya kando ya barabara.

Tunawaomba wasomaji walio karibu na wasukaji, maseremala, waunda majahazi, wafumaji na wasimuliaji wa ngano watuletee maneno ambayo mafundi hao huyatumia kwa kuanza kazi, kuunga, kuficha kiungo, kufumua palipokosewa na kumalizia. Tunahitaji neno lenyewe, sentensi nzima kama ilivyosemwa, mahali, na kazi ya msemaji. Maana msihangaike kuiandika, sentensi itatuonyesha.